Kanyaga, Shikilia, Achia: Siku Tuliyotengeneza Breki Wenyewe



Mashoga zetu na maharusi watarajiwa, leo hatuleti mshono mpya wala singo ya karafuu. Leo tunaleta breki za gari. Msiondoke kwanza. Tunaandika haya kwa sababu mwaka jana kulikuwa na bibi harusi mmoja ambaye karibu siku yake iingie msiba, na sababu ya msiba huo ingekuwa sisi.

Hii "sisi" mtaisikia mwanzo hadi mwisho. Ni mke na mume. Mmoja wetu ana cherehani, mwenziwe ana usukani. Tunashona nguo za maharusi hapa Chake Chake na tunazipeleka wenyewe hadi mlangoni, ndani ya Suzuki Carry, hizi ambazo wengi wanaziita kirikuu. Kosa lililotokea lilikuwa na fungu la kila mmoja wetu, kwa hiyo hatutalisimulia kwa "yeye" wala kwa "mimi".

Mteremko wa Mkoani

Wenye kuijua Pemba wanajua kwamba kisiwa chetu ni vilima. Unapanda, unashuka, unapinda, unapanda tena. Na Mkoani mwenyewe ukishaufikia unateremka kuelekea bandarini. Siku hiyo tulikuwa na sanduku la bibi harusi, gauni jeupe limetundikwa ndani ya mfuko wake, na nyuma tumewapakia bibi yake bi harusi na wasichana wawili waliokuja kuchukua nguo. Udi ulikuwa unanukia gari zima.

Tulipoanza kuteremka, pedeli ya breki ilizama. Haikukataa, ilizama tu, kama mguu uliokanyaga tope. Mmoja wetu akaanza kukanyaga na kuachia haraka haraka, akashusha gia, akavuta breki ya mkono. Mwengine alikuwa anasoma shahada kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo.

Mbele yetu mtoto wa skuli, mtandio mweupe, alikuwa anavuka barabara. Alituona tunakuja na akadhani tunamjua. Alisimama akatupungia mkono.

Tulimpita kwa umbali wa kanga mbili zilizotandikwa. Gari ikaenda kujiegemeza kwenye kingo ya udongo pembeni, ikazima. Hakuna aliyeumia. Bibi alipoteza kiatu kimoja, gauni likaanguka chini lakini mfuko wake haukuchanika. Tulipogeuka nyuma, yule mtoto alikuwa ameshaendelea na safari yake.

Jicho la watu

Mnajua kinachofuata kwetu likitokea jambo kama hilo karibu na harusi. Bibi mwenyewe ndiye aliyeanza: "Hili jicho la watu, wanangu. Harusi hii inasemwa sana." Wasichana wakaitikia. Mpaka tunafika kwa wenyewe, kwa gari ya kuazima, habari ilishatutangulia: hasadi imetaka kuivunja harusi, Mwenyezi Mungu ameilinda.

Sisi tuliitikia "Alhamdulillah" na tukanyamaza. Hapo ndipo kosa letu la pili lilipoanza.

Hasadi ipo, tunaiamini na tunajikinga nayo kwa nyiradi. Lakini sisi wawili tulijua kwamba breki zile zilikuwa laini tangu kabla ya Ramadhani. Mmoja wetu alijua kwa mguu wake kwamba lazima akanyage mara mbili ndipo zishike, akanyamaza kwa kuogopa kuonekana analalamika. Tena taa nyekundu ya kwenye dashibodi ilikuwa inawaka kwenye kona na kuzimika barabara ikinyooka, na tukasema ni hitilafu ya waya. Mwengine alijua kwamba kwenye kopo la maziwa tulilofanya kibubu cha gari hakuna kitu, kwa sababu shilingi 150,000 zilizokuwamo zilishanunuliwa lesi kwa ajili ya harusi za mfunguo mosi. Hakusema, akitumaini lesi itauzwa na pesa zitarudi kimya kimya.

Tuliporudi nyumbani usiku ule kila kitu kilitoka. Lesi ikatajwa. Kanyagio ikatajwa. Vikatajwa na vya mwaka juzi. Kisha tukaacha kusemeshana. Chai inamiminwa, haisemewi karibu. Ikafika siku ya tatu, na sote tunajua Muislamu haruhusiwi kumnunia mwenzake kupindukia hapo.

Mjomba na kiti chake

Siku hiyo ya tatu alikuja Mjomba. Amefanya kazi ya magari maisha yake yote, malori ya karafuu na yasiyokuwa ya karafuu. Sasa mikono yake inatetemeka, spana haishiki. Lakini macho yapo na ulimi upo. Akalala chini ya kirikuu dakika mbili, akatoka na vumbi la kutu kwenye kofia.

"Bomba la nyuma limeoza," akasema. "Gari hii ilikuwa inabeba nini kabla yenu?"

Samaki. Tuliinunua kwa mtu aliyekuwa anapakia samaki na barafu. Maji ya chumvi yalikuwa yanachuruzika chini miaka yote ile, na kila palipokuwa na kibanio cha kushikilia bomba, chumvi na matope vilikaa hapo hapo. Ukilitazama bomba lenyewe kwa mbali unaona zima. Chini ya kibanio lilikuwa limebaki jembamba kama karatasi, ndipo lilipopasukia.

Mjomba akatueleza kwa nini tuko hai. Breki za gari zimegawiwa njia mbili za mafuta. Kwenye gari yetu moja inakwenda magurudumu ya mbele na nyengine ya nyuma. Ya nyuma ilipopasuka, ya mbele ilibaki, ndiyo maana pedeli ilizama sana lakini gari haikukosa breki kabisa. Na breki ya mkono inavutwa kwa waya, haitegemei mafuta. Taa nyekundu nayo haikuwa na hitilafu. Mafuta yalikuwa yamepungua kwenye kichupa chake, gari ikipinda yanakimbilia upande mmoja, taa inawaka. Ilikuwa inatuambia kila siku.

Gereji tuliyoizoea ilikuwa na foleni ya wiki nzima na sisi tulikuwa na nguo za watu. Mjomba akasema: "Leteni kiti. Nyinyi mtafanya, mimi nitasema." Bila yeye tusingethubutu, na hatumshauri mtu ajaribu breki kwa mara ya kwanza bila mtu anayezijua kukaa pembeni yake.

Bomba ni kama pindo

Kwanza gari lilisimamishwa pahala tambarare, magurudumu ya mbele yakazuiwa kwa mawe, nyuma ikanyanyuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi za chuma. Mjomba hakukubali mtu aingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala juu ya matofali. Jeki hushuka, tofali hupasuka. Nati zilizoshika bomba zilimwagiwa mafuta ya kulainisha kutu tangu usiku, asubuhi zikafunguka kwa spana namba 10 bila kuliwa.

Mwenye cherehani ndiye aliyeingia chini, kwa sababu mikono yake ni midogo na imezoea kazi ya pembeni pembeni. Alivaa suruali kuukuu chini ya dera, uani kwetu kumezungushwa makuti, sitara ipo.

Bomba la zamani lilitolewa taratibu ili lisipoteze mikunjo yake, likalazwa juu ya karatasi kubwa ya kukatia pateni. Tukalichora kama tunavyochora mkono wa gauni. Tepu ikapita kwenye kila kona, ikaongezwa ziada kidogo ya kukunjia ncha. Hapo mwenye cherehani aliona kwamba kazi hii si ngeni kwake.

Bomba jipya lilitushughulisha. Fundi mafriji jirani yetu, Mungu amlipe kwa moyo wake, alitupa kipande cha bomba la shaba na kifaa chake cha kupanulia ncha, bure. Mjomba akavirudisha vyote. Shaba tupu huchoka kwa mtikisiko wa gari ikapasuka, na kifaa kile hukunja ncha mara moja tu. Bomba la breki linataka shaba iliyochanganywa na nikeli, au chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na ncha yake ikunjwe mara mbili. Mshonaji atafahamu: pindo la kukunja mara moja linafumuka, la mara mbili linakaa. Mguu ukikanyaga kwa nguvu, mafuta ndani ya bomba lile yanasukuma kwa msukumo mkubwa, na ncha iliyokunjwa vibaya ndipo yanapotokea. Tukaagiza bomba Unguja, likaja kwa boti, na kifaa tukakikodi gereji.

Kukunja tulikunja kwa kulizungushia chupa ya soda, polepole, lisije likabonyea. Ncha ya kwanza ikatoka nzuri, ya pili nzuri zaidi. Tukashangilia. Kisha Mjomba akauliza, "Nati zenu ziko wapi?"

Zilikuwa juu ya meza. Nati inavishwa kwenye bomba kabla ya kukunja ncha, ukishakunja haiingii tena. Kila mshonaji ameshawahi kufunga mkono wa gauni halafu akakuta kitambaa cha ndani kimebaki mezani. Tukakata ncha, tukaanza upya. Ile ziada ya tepu ndiyo iliyotuokoa. Na hapo tulicheka pamoja mara ya kwanza baada ya siku tatu, kisha tukakumbuka kwamba tumenuniana, tukaacha.

Maneno matatu

Bomba likishafungwa, kazi haijesha. Ndani yake mna hewa. Mafuta ya breki hayakubali kubanwa, ukikanyaga pedeli yanasukuma gurudumuni papo hapo. Hewa inabanwa kama sponji. Ikibaki hata kidogo, mguu utakanyaga hewa na gari litakwenda. Kwa hiyo hewa lazima itolewe, na njia tuliyofundishwa inataka watu wawili: mmoja kwenye pedeli, mmoja kwenye gurudumu. Hawaonani. Wanasikilizana tu.

Mjomba akatugawia maneno. Wa chini anasema "Kanyaga." Wa juu anakanyaga polepole na kujibu "Nimekanyaga." Wa chini anasema "Shikilia," anafungua kile kisungura kidogo nyuma ya gurudumu robo mzunguko, na mafuta yanatoka kupitia mpira mwembamba mweupe mpaka kwenye chupa yenye mafuta kidogo, ncha ya mpira imezama. Pedeli inazama, wa juu hathubutu kuinua mguu. Wa chini anafunga. Akishafunga ndipo anasema "Achia." Mguu ukiinuliwa kabla ya kufungwa, hewa inavutwa ndani na mmerudi mwanzo.

Tulianza gurudumu la mbali zaidi na masta silinda, kwetu ni la nyuma kushoto. Kisha nyuma kulia, kisha mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Chini ya pedeli tuliweka kipande cha mbao ili isishuke mpaka mwisho, kwa sababu kwenye gari la zamani mpira wa ndani ya masta silinda ukipelekwa pahala usipozoea kufika unaweza kuchanika. Na kila baada ya mikanyago michache kichupa cha mafuta kinaongezwa, kikikauka kinameza hewa.

Mara ya kwanza kilitoka kishindo cha hewa. Kisha mapovu. Kisha mafuta na mapovu. Tulikuwa tunakaribia.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

Mapovu yalikuwa yamebaki mawili matatu. Na mguu ukainuka.

"Si umesema achia!"

"Sijasema!"

"Umesema!"

"Nimekohoa!"

Na kutoka hapo, mashoga, hatukuwa tunazungumza habari ya breki tena. Lesi ilirudi. Kopo la maziwa lilirudi. Mmoja chini ya gari, mmoja ndani ya gari, hatuonani nyuso, na labda ndiyo maana tuliweza kusema. Mmoja akasema aliogopa kuomba pesa za gari kwa sababu mwaka ule cherehani ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba, na mguu unaokanyaga haukuwa unaleta kitu. Mwengine akasema alichukua zile pesa kwa sababu aliogopa msimu upite bila lesi, na akaogopa zaidi kuulizwa.

Kukawa kimya. Mjomba akakohoa.

"Hii gari," akasema, "haiulizi nani mwenye haki. Kuna hewa ndani. Mnaitoa au niende nikaswali?"

Tukaanza upya. "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Shikilia." Tulifika mahala tukasahau kuhesabu. Mafuta yakatoka yamenyooka, masafi, bila povu hata moja. "Achia." Gurudumu la nne lilipokwisha, pedeli ilikuwa imesimama imara chini ya mguu, na adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa.

Kitambaa cheupe

Kazi haikuaminiwa kwa macho. Mmoja alikanyaga pedeli kwa nguvu injini ikiwa inaunguruma, akashikilia dakika nzima, huku mwengine akifuta kila kiungo kwa kipande cha satini nyeupe kilichobaki kwenye gauni. Satini haifichi kitu, tone dogo tu linaonekana. Ilitoka kavu. Tukajaribu gari uani, mbele na nyuma, mara kumi. Kisha njia isiyo na watu, mwendo wa kutambaa. Asubuhi tukafuta tena kwa kitambaa kipya. Na wiki iliyofuata tuliipeleka gereji ikaangaliwa na mikono isiyotetemeka, ndipo tulipopakia mtu.

Mafuta tuliyotumia ni DOT 3, kwa sababu ndiyo yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha gari yetu. Someni chenu. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na sisi watu wa pwani unyevu tunao. DOT 3 mapya hayachemki mpaka nyuzi 205 za Selsiasi, yakishashiba maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140, na yakichemka yanatoa mvuke, nao unabanwa kama hewa. Kwa hiyo chupa iliyokaa wazi miezi dukani msiinunue. Yakimwagika kwenye rangi yanaibandua, oshea maji haraka. Na chupa ya mafuta machafu isikae karibu na watoto wala isimwagwe mtaroni. Ya kwetu tuliipeleka gereji.

Kabla gari halijambeba bibi harusi

Gari la harusi tunalipamba mauwa na riboni, tunalijaza mashangazi, halafu hatuulizi linasimama vipi. Haya ni ya dakika tano na hayataki fundi:

1. Kanyaga pedeli kabla ya safari. Iwe imara. Ikizama polepole ukiwa umeishikilia, au ikitaka kukanyagwa mara mbili, gari hilo lisitoke.
2. Tazama kichupa cha mafuta ya breki, yawe kati ya alama mbili za kando. Yakiwa meusi, yamekaa sana. Yakiwa yamepungua, uliza yamekwenda wapi kabla ya kuongeza.
3. Taa nyekundu ya breki ikiwaka na breki ya mkono imeshushwa, usiipe jina la waya.
4. Inama utazame upande wa ndani wa magurudumu na chini pale gari lilipolala. Umajimaji wowote uulizwe.
5. Gari likiwa na ABS, usitoe hewa nyumbani. Mengi yanataka vifaa vya gereji.

Kwa Bibi

Lilibaki jambo moja. Mkoani kote walikuwa bado wanasema ni jicho la watu, na kuna jirani mmoja wa kule aliyekuwa ananyooshewa kidole kwa jambo ambalo chumvi ya samaki na kimya chetu ndivyo vilivyolifanya. Tungeweza kuacha. Harusi ilishapita salama na bibi harusi yuko kwake. Lakini hadithi ya mtu na ngamia wake tumeisoma sote madrasa, na sisi ngamia hatukumfunga, kisha tukamsingizia jirani kuwa amemfungua.

Tukaenda. Kwa kirikuu, na breki zake. Tulikaa mkekani mbele ya Bibi tukamwambia yote: bomba, taa, kopo la maziwa, lesi. Tukamwomba radhi, na tukamwomba awaambie watu kwamba halikuwa jicho.

Bibi alinyamaza muda mrefu, anatafuna tambuu. Kisha akasema, "Mngeniambia siku ile ile, ningepanda daladala."

Basi. Hakusema jengine siku hiyo. Lakini jioni hiyo hiyo, tumesikia, alijifunga kanga akaenda nyumba kwa nyumba mwenyewe, na ya kwanza ilikuwa ya yule jirani.

Mwezi uliopita ametuita tena, mjukuu wa pili anaolewa. Kabla ya kuuliza bei ya gauni aliuliza breki. Tukamwambia njoo ukanyage mwenyewe. Alipanda, akakaa kwenye usukani na buibui lake, akakanyaga kwa nguvu zake zote, akatikisa kichwa kuridhika.

Maharusi wetu, mtafundishwa mengi na masomo wenu kabla ya siku yenu, na yote ni mazuri. Sisi tunaongeza hili: kopo la pesa liwe na macho manne, na kitu kikilegea ndani ya nyumba kisemwe kingali kimelegea tu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi njiani na majumbani mwenu, azitie baraka ndoa zenu, na atusamehe tuliyoyanyamazia. Aamin.

Wabillahi tawfiq.